Pete, Propela na Sekunde 14

Mwezi wa Mei mtoto wa dada yangu alinyoosha mkono kuidaka droni yangu ilipokuwa ikitua katika lupango letu (kiwanja cha nyumba) la Katuba, hapa Lubumbashi, na propela ikamkata vidole viwili kabla sijawahi kubonyeza kitufe cha kuzima. Hakuumia vibaya, alishonwa nyuzi tatu, akapewa dawa, na baada ya wiki mbili alikuwa amerudi kwenye mpira. Dada yangu, ambaye ndiye mwenye lupango, hakusema neno siku ile. Alisubiri hadi Jumapili, bukari (ugali wetu) ikaliwa, sahani zikaondolewa, ndipo akaniambia kwa sauti ya chini: «Mdogo wangu, kile kisu chako kinachoruka, ama ukifunike ama kitoke hapa.» Nikamjibu, «Nimesikia, yaya,» yaani dada mkubwa, na kesho yake nikaanza kazi ambayo nilidhani ingenichukua wiki mbili. Ilinichukua hadi Septemba.

Kazi inayonilisha ni kubobina mota, yaani kuzisuka upya waya zilizoungua: mota za vinu vya mahindi, za pampu, za mashine za kuchomelea, na mara moja moja mota kubwa kutoka kwa watu wa migodi. Kwa hiyo waya, sumaku na joto nazifahamu, lakini hewa sikuifahamu. Njia fupi ya kumridhisha dada ilikuwa kuizungushia kila propela kikapu cha waya, basi. Sikuifuata njia hiyo kwa sababu ya tamaa, na afadhali niikiri mapema. Nilikuwa nimesoma kwamba propela ikiwekwa ndani ya pete, yaani kipande kifupi cha bomba kinachoizunguka kwa karibu sana, huongeza msukumo bila kuongeza umeme. Nikaona nitamlinda mtoto na papo hapo droni yangu itapata nguvu ya bure, na neno «bure» likaniharibia kiangazi kizima.

Nadharia yenyewe ni nzuri, na kwa kuwa mambo yote yaliyofuata yanaitegemea, nitaieleza kwa utulivu. Propela iliyo wazi huvuta hewa kutoka juu na kuisukuma chini, na mkondo unaotoka chini hujibana kadiri unavyoongeza kasi, hata eneo lake linakuwa nusu ya eneo linalofagiwa na mabawa. Kuisukuma hewa kidogo kwa kasi kubwa ni ghali kuliko kuisukuma hewa nyingi taratibu, kwa sababu kwa kiasi kile kile cha hewa msukumo huongezeka sawa na kasi, ilhali nishati huongezeka kwa mraba wa kasi. Pete huuzuia mkondo usijibane: hewa hutoka na upana ule ule wa bomba, ikiwa nyingi zaidi na yenye kasi ndogo zaidi. Ukifanya hesabu ya pete kamilifu isiyopoteza chochote, kwa wati zile zile msukumo unapanda kwa kipeuo cha tatu cha 2, yaani mara 1.26. Hiyo ndiyo asilimia 26 iliyonitia wazimu.

Kilichonishangaza zaidi ni mahali msukumo huo unapotokea. Katika pete kamilifu ya aina hii, propela hubeba nusu tu ya mzigo, na nusu ya pili hubebwa na pete yenyewe, ambayo haizunguki wala haiungwi na waya wowote wa umeme. Hewa inayokimbilia ndani hupita juu ya mdomo wa pete kwa kasi, na penye kasi shinikizo hushuka; kwa hiyo mdomo unanyonywa kwenda juu na hewa ile ile inayoingia. Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi nikiwa nimekaa mbele ya ateliye (karakana) yangu, na sikuiamini mpaka nilipoigusa kwa mkono wiki kadhaa baadaye.

Jambo hili si geni. Mhandisi wa Kijerumani, Ludwig Kort, aliitengeneza pete ya namna hii kwa ajili ya meli katika miaka ya 1930, na hadi leo meli ndogo zenye kazi ya kuvuta meli kubwa hufungwa pete hizo kwenye propela zao. Mwitaliano Luigi Stipa alibuni ndege ambayo mwili wake wote ulikuwa pipa tupu, injini na propela zikiwa ndani. Ikajengwa katika karakana za Caproni na kuruka mwaka 1932. Iliruka, lakini ukinzani wa hewa dhidi ya lile pipa ulikula karibu faida yote. Ningekuwa na akili ningewatazama hawa wawili kwa makini kabla ya kununua chochote: mmoja alifanikiwa kwenye chombo kinachokwenda polepole na mzigo mkubwa, mwingine alikwama kwenye chombo kinachotaka kwenda mbio. Nilisoma habari zao kama hadithi, nikaenda sokoni.

Katika soko la Kenya (Kenya ya hapa ni komini ya Lubumbashi, si ile nchi ya mashariki) nilinunua bomba la PVC la maji machafu lenye kipenyo cha milimita 125 kwa nje. Unene wake ni milimita 3 na kidogo, hivyo ndani linabaki na milimita 118 na nusu hivi. Propela zangu zilikuwa za inchi 5, yaani milimita 127, zenye mabawa matatu. Nikazikata ncha hadi zikafikia milimita 117, nikiacha mwanya wa karibu milimita 0.8 kila upande. Mwanya huo ndio roho ya kazi. Ukiwa mpana, hewa yenye shinikizo iliyo chini ya bawa hukimbilia juu kupitia ukingoni, na faida yote inavuja hapo. Ukiwa mwembamba mno, mtikisiko mdogo tu unatosha kuligonganisha bawa na ukuta. Nilikata kila bawa kwa msumeno wa chuma, nikalisugua kwa msasa huku nimeilaza propela kwenye ukingo wa kisu ili nione upande gani unazidi uzito, nikasugua tena, nikaipima tena. Propela moja ilinichukua alasiri nzima. Ncha zilizokatwa mraba, kwa bahati njema, ndizo zinazofaa ndani ya pete.

Nilichokisahau ni kwamba bomba lililolala juani mbele ya duka kwa miezi halibaki duara. La kwangu lilikuwa yai. Kwa macho huwezi kuligundua, lakini upande mmoja ulikuwa umepungua zaidi ya milimita moja na nusu kuliko mwingine, na mimi nilikuwa nimelipima upande mmoja tu. Nilipowasha mota kwa mara ya kwanza nilisikia kama mtu anayechana kitambaa, kisha mlio mkavu, kisha kimya. Bawa moja lilikuwa limekatika. Tulilikuta kipande chake kimejichomeka kwenye ubao wa mlango, hatua nne kutoka mezani, kwa kimo cha kiuno. Ncha ya propela ya milimita 117 inayozunguka mara 20,000 kwa dakika hukimbia mita 120 na ushei kila sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 430 kwa saa. Tangu siku hiyo sijasimama tena usawa wa mabawa. Mota inawashwa kwa waya mrefu kutoka nyuma ya ukuta, na miwani ya kuchomelea haitoki usoni.

Seremala jirani, mzee anayetengeneza milango na majeneza, alinichongea gogo la mviringo lenye kipenyo nilichotaka. Nililichovya bomba katika maji yaliyokuwa karibu kuchemka, kwa maana PVC huanza kulegea yapata nyuzi 75 hadi 80 za Selsiasi, nikalisukumiza juu ya gogo na kuliacha lipoe humo. Lilitoka duara. «Papa, ni deni gani?» nikamuuliza. Akasema nimletee hicho kitu kitakaporuka, akione.

Mezani nilijenga kifaa cha kupimia ambacho mtu yeyote anaweza kukijenga: mkono wa chuma wenye umbo la herufi L, unaoning'inia kwenye beringi iliyo kwenye kona yake, mota ikiwa imefungwa kwenye ncha ya juu na ncha ya pili ikikandamiza mizani ya jikoni. Mikono yote miwili ina urefu sawa, hivyo gramu zinazosukumwa na propela ndizo zinazoonekana kwenye mizani, na upepo wa propela unakwenda pembeni bila kuipuliza mizani yenyewe. Niliihakiki kwa chupa ya maji. Chini ya mizani niliweka sponji, la sivyo tarakimu hucheza hata usizisome. Sharti moja nililijua kutokana na kazi yangu ya mota, na naona wengi hulivunja: usilinganishe propela mbili kwa kiwango kile kile cha kitufe cha kasi, bali kwa wati zile zile. Betri inapochoka volti zinashuka, na kiwango cha nusu cha asubuhi si kiwango cha nusu cha mchana. Vipimo vyangu vyote vilisomwa kwenye wati 150, kwa betri ya seli nne, kwenye mota ambayo stata yake (sehemu yenye koili, isiyozunguka) ina kipenyo cha milimita 23 na kimo cha milimita 6.

Propela ikiwa wazi, bila pete, ilitoa gramu 470. Nikaifunga pete, nikawasha, nikasoma: gramu 430.

Nilirudia mara saba. Nilibadilisha betri, nikabadilisha propela, nikaikagua mizani tena kwa chupa ya maji. Pete iliyopaswa kunipa zawadi ya asilimia 26 ilikuwa inanila gramu 40, na ilinguruma kama kinu kilichokosa mahindi.

Jibu lilitoka kwa dawa ya mbu, ile ya kuchoma yenye umbo la konokono. Dada alikuwa ameiwasha jioni, na moshi wake mwembamba ukawa unaelekea kwenye pete niliyokuwa nikiijaribu kwa kasi ndogo. Nikaizima taa kubwa, nikawasha tochi ya simu kutoka pembeni, nikaisogeza ile dawa taratibu kwenye ukingo wa bomba. Moshi uliotoka juu uliingia vizuri, umenyooka kama uzi. Lakini moshi uliotoka pembeni, ambako hewa nyingi hutokea, ulifika kwenye ukingo mkali wa bomba, ukashindwa kukata kona, ukaruka na kuacha ndani ya ukuta tabaka la hewa iliyovurugika inayojizungusha pale pale. Ncha za mabawa zilikuwa zinapita ndani ya uchafu huo. Hewa haikuwa inaushika mdomo, kwa sababu mdomo haukuwapo. Palikuwa na ukingo wa msumeno tu.

Basi nikautengeneza mdomo. Nilichukua ile sponji nyeusi ya bomba inayovishwa mabomba ya mashine za baridi, nikaipasua kwa urefu, nikaizungusha kwenye ukingo wa juu ili iwe kama mdomo wa mtungi, nikaifunika kwa utepe laini. Moshi ulipofika hapo safari hii ulijikunja, ukaulalia mdomo na kuteremka umeshikamana na ukuta hadi kwenye mabawa. Mizani ilisoma gramu 545. Nikaweka kidole pembeni ya mdomo, nje, mbali na mabawa, nikausikia unavutwa kwenda juu. Sponji ilikuwa inajaribu kutoka kwenye bomba. Hapo ndipo nilipoiamini ile sentensi.

Mlio ulibaki. Mota ilishikiliwa katikati ya pete kwa mikono mitatu, na propela ilikuwa na mabawa matatu. Maana yake mabawa yote matatu yalipita juu ya mikono yote mitatu kwa wakati mmoja, kila mara, kama watu watatu wanaopiga ngoma pigo moja. Kilikuwa king'ora hasa, na majirani hawakukawia kunieleza hivyo. Nilipoweka mikono minne, mapigo yalitawanyika na sauti ikashuka hadi mvumo unaovumilika. Nimeona baadaye kwamba hii ni kanuni ya kale ya mafeni: idadi ya mabawa na idadi ya mikono visiwe na kigawanyo cha pamoja zaidi ya 1.

Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu niliiweka pete yenyewe juu ya mizani. Bomba peke yake, lenye kimo cha milimita 60, lilikuwa na gramu 103; pamoja na mdomo na mikono, gramu 139. Pete ilinipa gramu 75 za msukumo na kunidai gramu 139 za uzito. Mwenye duka anayefanya biashara ya namna hiyo hamalizi mwezi.

Hapa nieleze ushauri niliopewa na rafiki mfua shaba, mmoja wa wale wanaochora nyuso na ndege kwenye mabamba ya shaba kwa nyundo. Hapa Katanga, eneo letu la migodi ya shaba, kila tatizo huletewa jibu la shaba. Alisema anaweza kunifulia pete yenye mdomo wa duara kamili kutoka bamba la nusu milimita, na sina shaka ingekuwa pete nzuri kuliko zote duniani. Lakini sentimita moja ya ujazo ya shaba ina karibu gramu 9, ya PVC gramu 1.4, hivyo ukuta wa shaba wa nusu milimita ungelingana uzito na ule wa bomba la maji machafu. Nilimshukuru, na bado natamani moja ya kuweka kabatini.

Pete ya pili niliijenga kwa vitu vilivyotupwa. Mwili wake ni stairofomu iliyokinga televisheni ndani ya katoni, niliyoikata kwa waya wa jiko la umeme uliopashwa moto kwa betri. Waya huo huteremka kwenye stairofomu kama kisu kwenye siagi, lakini ukisita mahali hata sekunde moja unaacha shimo. Juu yake nilibandika matabaka mawili ya karatasi ya gazeti kwa gundi nyeupe ya mbao, kwa sababu gundi nyingine nyingi huila stairofomu. Ndani, mahali mabawa yanapopita, palihitaji ukuta laini, mwembamba na mgumu usiobadilika umbo, na baada ya kujaribu chupa za maji na mafaili ya plastiki nilipata kilichofaa kuliko vyote: filamu ya eksirei. Ni ya kifua changu mwenyewe, ya zamani, iliyokuwa imelala ndani ya bahasha juu ya kabati. Ukiiinua pete hiyo kwenye mwanga wa jua kabla ya kubandikwa gazeti, mbavu zangu zinauzunguka mwili wa propela. Pete nzima, mdomo na mikono ikiwemo, ilikuwa na gramu 41.

Ilisoma gramu 548 kwa propela ile ile. Kisha nikafikiria jambo ambalo ningepaswa kulifikiria tangu mwanzo. Ingawa chini hutoka taratibu zaidi, ndani ya pete hewa inapita kwenye mabawa kwa kasi kubwa kuliko kwenye propela iliyo wazi. Kwa hesabu yangu ni kama mita 22 kwa sekunde badala ya mita 14. Bawa lililoelekezwa kwa ajili ya hewa ya mita 14 linajikuta halina cha kuuma, linazunguka kwa wepesi tu, na mota inakimbia. Nikatafuta propela yenye mwinamo mkubwa zaidi, nikaikata na kuisawazisha, ikanipa gramu 560. Hiyo ni asilimia 19 juu ya propela iliyo wazi. Hadi leo sijaipita.

Kuna kitu kingine ambacho vipimo vilinifundisha, nacho kinahusu mji wetu. Lubumbashi iko yapata mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Vitabu huhesabu kilo 1.225 za hewa katika kila mita ya ujazo. Hapa kwetu, asubuhi ya Julai yenye nyuzi 8, ambapo watu hutoka na makoti, hesabu inatoa kama kilo 1.09, na mchana wa Oktoba wenye nyuzi 33 inashuka hadi karibu kilo 1. Nilikuwa nikipima pete asubuhi na propela wazi mchana, kisha nikajisifu. Tofauti ya baridi na joto peke yake ilinitosha kunidanganya gramu kumi na kitu. Tangu hapo kila kulinganisha kulifanyika ndani ya nusu saa moja, kabla jua halijapanda.

Mwishoni mwa Agosti pete nne zilikuwa tayari na droni ikafungwa kamba kwenye tofali katikati ya lupango, maana kurusha chombo juu ya paa za watu bila ruhusa ni kujitafutia maswali. Bila pete droni yangu ina gramu 620. Ilielea dakika 9 na sekunde 20 kabla betri haijafika kikomo nilichokiweka. Ikiwa na pete zake nne, gramu 784, ilielea dakika 8 na sekunde 35.

Nilikaa na daftari usiku huo. Kosa halikuwa kwenye pete bali kwenye hesabu yangu. Asilimia 19 ni asilimia 19 ya kile kinachobebwa, lakini gramu 41 ni gramu 41 siku zote. Mezani mota ilikuwa inasukuma gramu 470, na asilimia 19 ya hizo ni karibu gramu 90, pesa nzuri. Hewani kila mota ilihitaji gramu 155 tu, na asilimia 19 yake haifiki gramu 30. Pete inaanza kujilipia pale kila mota inapobeba zaidi ya gramu 215 hivi, yaani droni ya gramu 860 kabla ya kuvishwa pete. Kort alijua: fungia pete chombo kilicholemewa. Kesho yake niliifunga chini ya droni chupa ya maji ya nusu lita. Bila pete ilidumu dakika 3 na sekunde 52. Ikiwa na pete, dakika 4 na sekunde 6.

Sekunde 14. Miezi minne, propela kumi na moja, sekunde 14.

Na hizo ni za asubuhi isiyo na upepo. Septemba, zile pepo za vumbi zinazotangulia mvua zilipoanza, droni yenye pete ilibadilika tabia. Upepo unaotoka ubavuni hulazimika kupiga kona kuingia ndani ya pete, na mdomo wa upande unakotoka upepo hunyonywa juu kwa nguvu kuliko wa upande wa pili. Droni inainua uso wake na kurudi nyuma kama punda aliyekataa mto. Droni isiyo na pete upepo huo huo ilikuwa inauyumbia kidogo tu.

Kijana mmoja anayesoma uhandisi alinitazama nikihesabu, akaniuliza swali ambalo sikulipenda: pete yako kwa nje, pamoja na mdomo, ina upana gani? Milimita 150. Akasema, basi weka propela iliyo wazi ya milimita 150 mahali pale pale. Tukakokotoa. Eneo linakuwa mara 1.64, kipeuo chake cha tatu ni 1.18, yaani asilimia 18 ya msukumo zaidi, karibu sawa kabisa na pete yangu, bila stairofomu, bila gundi, bila mbavu. Ana haki, na nimemwambia hivyo. Pete ni ya mtu ambaye hana nafasi ya propela kubwa, au ambaye propela kubwa kwake ni kisu kikubwa.

Maana mwenye kuamua hakuwa yeye wala mimi. Dada alikuja kukagua kazi Jumamosi, akiwa na mwiko wa bukari mkononi. Niliiwasha droni ikiwa imefungwa mezani. Aliusukuma mwiko kutoka ubavuni. Ukagonga stairofomu, ukasimama. Akauinua, akauteremsha kutoka juu. Pete ikauvuta mwiko ndani, kama inavyovuta hewa, na vipande vya mbao vikaruka hadi kwenye nguo zilizoanikwa.

«Na huku juu je?» akauliza.

Nimefunika mdomo wa kila pete kwa wavu mwembamba wa waya. Wavu una gramu 6, na unapunguza gramu 17 za msukumo kwenye wati 150. Nimepima tena kwa ile chupa ya nusu lita: dakika 3 na sekunde 48. Mtoto ameruhusiwa kuidaka.